Runinga mbili, kengele moja: Jumatatu za ngumi Manzese

Jumatatu ambazo mpira umepumzika, kuna kibanda umiza kimoja Manzese kinageuka kuwa ukumbi wa ngumi. Kiingilio ni shilingi 1,000. Mwenye banda anawasha runinga mbili zilizokaa bega kwa bega: ya kushoto ina pambano la zamani, ya kulia ina pambano la miaka hii, na zote zinaanza raundi ya kwanza kwa wakati mmoja. Raundi ikiisha anazisimamisha, dakika ya mapumziko inapita, anagonga kengele, tunaingia ya pili. Hakuna vile vipande vya KO, mtu akiangushwa asiinuke, vilivyokatwakatwa ambavyo vijana wanatumiana kwenye simu. Ni pambano zima, pamoja na raundi zile ambazo watu wawili wamekumbatiana na refa anahangaika kuwaachanisha.

Kwa yeyote aliyewahi kupoteza jioni yake kijiweni akibishana kama Muhammad Ali wa zamani angempiga Oleksandr Usyk wa leo, au kama Terence Crawford wa miaka hii angedumu mbele ya Sugar Ray Leonard wa zamani, sijaona mahali pengine Dar ambapo elfu moja inanunua jibu zuri kuliko hapa.

Mimi nilikuwa mtunza muda kwenye ngumi za ridhaa, miaka ile kumbi za Keko na Kinondoni zikijaa hadi madirishani. Saa na kengele ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ukikaa kwenye meza ile chini ya ulingo hushangilii, unatazama. Unajua sekunde za mwisho za raundi nani anaanza kurusha ngumi za kuwafurahisha majaji, na unajua nani anarudi kwenye kona akiwa hasikii anachoambiwa. Kwa hiyo nilipoingia banda hili na kukuta mtu anaheshimu raundi kiasi hiki, nilikaa benchi la mbele na sijahama.

Jambo la kwanza utakalogundua ni kimya. Runinga zote mbili zimezimwa sauti, kwa sababu watangazaji wawili wakiongea kwa pamoja hakuna anayesikika. Watu wengine wanalalamika. Mimi nasema hapo ndipo thamani ya huduma hii ilipo. Mtangazaji akishasema huyu ni mkubwa kuliko wote, jicho lako linamfuata huyo tu, hata akiwa anapigwa. Ukinyimwa sauti unabaki na mikono na miguu ya watu wanne, na lazima uamue mwenyewe.

Na unaamua kwa maandishi. Mlangoni unapewa karatasi mbili, moja ya kila pambano, na unaandika 10 kwa 9 raundi kwa raundi kama jaji, 10 za aliyeshinda raundi na 9 za aliyeshindwa. Mwisho mwenye banda anajumlisha, anaandika ubaoni matokeo ya banda, na pembeni yake matokeo ya majaji wenyewe wa usiku ule. Nimewaona wazee wenye kelele wakitulia wakishaona karatasi zao wenyewe zimempa ushindi kijana waliyekuja kumdharau.

Usiku ambao ningependa kila mtu angekuwepo ni ule wa Kinshasa na Riyadh. Kushoto, Ali na George Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri kwa saa za kule, muda uliopangwa hivyo ili Wamarekani waone usiku wao. Hapa kwetu jua lilikuwa linachomoza. Kulia, Usyk na Tyson Fury, tarehe 18 Mei 2024, kwenye mji unaotumia saa ileile tunayotumia sisi. Banda lilijaa mpaka watoto wakakaa chini mbele ya benchi letu. Mzee mmoja alianza "Ali, boma ye!", yaani Ali, muue, kabla hata glovu hazijagusana, na nusu ya banda ikampokea.

Kabla ya kengele mwenye banda aliandika uzito ubaoni. Ali kilo 98. Foreman kilo 100. Usyk kilo 101. Fury kilo 119. Wazee wakakaa kimya. Foreman yule, jitu lililomwangusha Joe Frazier mara sita kule Kingston mwaka 1973, likammaliza Ken Norton kwa raundi mbili kule Caracas, lililofika Kinshasa limeshinda mapambano yote 40, na 37 kati ya hayo kwa KO, lilikuwa jepesi kuliko Usyk, ambaye leo dunia nzima inamwita bondia mdogo wa uzito wa juu. Na Frazier usiku wa ushindi wake mkubwa, alipomshinda Ali mwaka 1971, alikuwa kilo 93, na urefu wa mita 1.82. Leo angekuwa anajiuliza kama ashuke uzito.

Huo ndio ukweli wa kwanza ambao kila mlinganisho lazima uanzie. Watu wamekuwa wakubwa. Fury ana urefu wa mita 2.06 na bado anateleza na kukwepa kwa kiuno. Mtu wa umbo hilo mwenye kiuno kama kile hakuwepo miaka ya 1970.

Lakini tazama sasa raundi zenyewe. Ali na Usyk wana urefu mmoja, mita 1.91, na usiku ule kila mmoja alikuwa na tatizo lilelile mbele yake: mtu mwenye nguvu za kumtoa. Raundi ya kwanza Ali anaingia na mkono wa kulia moja kwa moja bila kutanguliza kushoto, kitu ambacho kocha yeyote atakukataza, kwa sababu mkono huo una safari ndefu na mpinzani anauona ukitoka. Foreman hauoni. Raundi ya pili Ali anarudi kwenye kamba, anaegemea, anafunika uso na mbavu, anamwacha Foreman apige. Wakati huohuo kwenye runinga ya kulia Usyk anamfuata mtu anayemzidi kilo 18, hatua ndogondogo, mguu wake wa mbele kila mara uko nje ya mguu wa Fury, na hasimami mahali pamoja kiasi cha Fury kupanga ngumi mbili.

Mmoja alimchosha mpinzani kwa kutulia, mwingine kwa kutotulia. Raundi ya 4 hadi ya 7 karatasi yangu ilimpa Fury. Alikuwa anampiga Usyk tumboni na kumletea apakati, zile ngumi za kutoka chini kwenda juu, huku akijionyesha kwa watazamaji. Upande wa kushoto, raundi zilezile, Foreman anarusha ngumi pana zinazotua kwenye mikono na viwiko, na mabega yake yanashuka kidogo kila raundi. Kisha raundi ya 8 Ali anatoka kwenye kamba, ngumi zinafuatana, ngumi ya kulia ya mwisho inamkuta Foreman akiwa ameshageuka, na lile jitu linazunguka likishuka kama mnazi uliokatwa. Banda lililipuka. Mwenye banda alisubiri kelele zipungue, akagonga raundi ya 9 kwa runinga iliyobaki, na hapo ngumi ya kushoto ya Usyk ikampata Fury. Akayumba kutoka kona hii hadi ile, kamba zikamzuia asianguke, refa akamhesabia, kengele ikalia. Vijana nao wakalipuka. Sijawahi kuona vilele viwili vikikaribiana hivyo kwa dakika chache, na hakuna aliyetoka pale akisema zamani tu ndiyo kulikuwa na moyo.

Majaji wa Riyadh waligawanyika: wawili walimpa Usyk, 115 kwa 112 na 114 kwa 113, mmoja alimpa Fury 114 kwa 113. Banda lilimpa Usyk. Marudiano ya Desemba mwaka uleule yaliondoa mabishano, majaji wote watatu 116 kwa 112.

Usiku mwingine ulinigusa kwa namna tofauti. Kushoto Frazier na Ali, tarehe 8 Machi 1971, Madison Square Garden. Kulia Usyk na Anthony Joshua, Septemba 2021, London. Mapambano yote mazuri, raundi baada ya raundi. Raundi ya 12 ilipoisha runinga ya kulia ikawa nyeusi. Usyk keshamaliza kazi, mikanda keshaichukua. Ya kushoto ikaendelea.

Hapo ndipo vijana wanapoelewa. Ukiambiwa zamani ngumi za ubingwa zilikuwa raundi 15, unasikia namba tu. Ukikaa mbele ya runinga nyeusi huku pembeni yake watu wawili waliovimba nyuso wanainuka kwa raundi ya 13, halafu ya 14, halafu ya 15, unaona kitu kingine. Ali alikuwa ameshaumizwa vibaya raundi ya 11. Alikuwa amerudi baada ya kufungiwa tangu 1967 hadi 1970 kwa kukataa kwenda jeshini, na miguu ya zamani haikurudi naye. Raundi ya 15 ngumi ya kushoto ya Frazier ya kuzungusha ikampata tayani, akaenda chali, na akainuka mara moja. Kuna kijana wa gereji nyuma yangu aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu ameinukaje?" Sikuwa na la kumjibu, nikamwambia atazame tu.

Siku hizo New York majaji walihesabu raundi, si pointi: mmoja aliandika 9 kwa 6, mwingine 11 kwa 4, refa 8 kwa 6 na moja sare. Wote walimpa Frazier.

Wazee wa banda wanasema raundi 15 zirudi. Mimi niliyegonga kengele kwa miaka sikubaliani nao hata kidogo. Zilipunguzwa kwa sababu mtu alikufa. Novemba 1982, Las Vegas, kijana wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alisimamishwa raundi ya 14 mbele ya Ray Mancini na akafariki siku chache baadaye. Mwaka uliofuata WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa, wakashusha hadi 12, na mashirika mengine yakafuata. Hata 12 au 10 hazimlindi mtu peke yake. Robert Wangila wa Kenya, aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alipoteza maisha baada ya pambano Las Vegas Julai 1994. Tukilinganisha enzi, tuhesabu na hili: zamani kona nyingi zilimwacha mtu aendelee. Eddie Futch, kocha wa Frazier, anakumbukwa mpaka leo kwa sababu kule Manila mwaka 1975 alimkatalia Frazier raundi ya 15, na wakati ule wengi hawakufanya alichofanya yeye.

Hata hivyo raundi zile zilibadilisha matokeo, na hilo nalo linaonekana bandani kuliko kwenye maneno. Kwa uzito wa kilo 66.7, mwenye banda aliweka Leonard na Thomas Hearns wa Septemba 1981 pembeni ya Crawford na Errol Spence wa Julai 2023, yote ya Las Vegas. Crawford alimaliza raundi ya 9, baada ya kumwangusha Spence mara tatu. Kushoto, Leonard alikuwa anapoteza. Jicho limevimba, Hearns anamchezea kwa mbali na mkono wake mrefu. Kwa sheria za leo pambano lingeisha raundi ya 12 na Hearns angekuwa bingwa. Raundi ya 13 Leonard akambadilikia, ya 14 refa akaingia kati, na majaji wote watatu walikuwa wamempa Hearns uongozi mpaka dakika hiyo. Leonard huyo, miezi mitatu nyuma, alikuwa amemsimamisha Mganda wetu Ayub Kalule kule Houston, Kalule aliyekuwa hajapoteza hata pambano moja. Wazee walipotajiwa jina la Kalule walipiga makofi, na vijana wakaandika jina kwenye simu zao.

Sasa hukumu yangu, kwa sababu wasomaji wataiuliza. Crawford ni bora kuliko Hearns wa 1981. Anabadilisha miguu kutoka kulia kwenda kushoto katikati ya raundi na hapotezi ngumi hata moja akifanya hivyo, na Hearns angetakiwa kupanga upya umbali wake mara mbili kwa usiku mmoja. Dhidi ya Leonard ningempa Leonard, kwa kasi ya mikono na kwa ule ukatili wa raundi za mwisho ambao watu husahau kwa sababu ya tabasamu lake.

Ali na Usyk ni ngumu zaidi. Ali wa Kinshasa, miaka 32, asingempata Usyk. Hakuwa na miguu ya kumfuata, na Usyk asingekaa kupiga kamba kama Foreman. Lakini Ali wa 1966 aliyemmaliza Cleveland Williams kwa raundi tatu kule Houston ni mtu mwingine kabisa. Wazee huishia hapo. Mimi nawaambia watazame pambano la miezi miwili kabla ya hilo, Frankfurt, Septemba 1966, na Karl Mildenberger. Mjerumani yule alikuwa bondia wa mkono wa kushoto kama Usyk, na Ali katika ubora wake alihitaji raundi 12 kumwondoa. Mkono wa kushoto ulikuwa unampata, kwa sababu Ali alikwepa kwa kurudisha kichwa nyuma moja kwa moja, na hiyo ndiyo njia ngumi ya kushoto iliyonyooka inapopita. Mildenberger hakuwa na robo ya miguu ya Usyk. Nampa Ali wa 1966, lakini kwa pointi chache, na nitaheshimu karatasi ya anayempa Usyk.

Jambo ambalo runinga mbili haziwezi kulionyesha ni idadi ya mapambano. Mwaka 1966 Ali alitetea ubingwa mara tano. Mwaka 1972 alipigana mara sita. Usyk alipanda ulingoni mara moja mwaka 2021, mara moja 2022, mara moja 2023. Fedha ya usiku mmoja imekuwa kubwa mno, na mikanda ni minne badala ya miwili, kila mmoja na shirika lake na mpinzani wake wa lazima. Ndiyo maana kabla ya Usyk hakukuwa na bingwa mmoja wa uzito wa juu tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Bondia wa leo anaingia akiwa amejiandaa vizuri kuliko Ali alivyowahi kujiandaa. Bondia wa zamani alijifunza ulingoni, mbele ya watu, na akalipa kwa mwili. Mwenye banda angeandika ubaoni, karibu na uzito, kila mmoja amepigana mara ngapi mwaka ule. Nimemwomba, amesema atafanya.

Kasoro zipo. Feni ni moja na haifiki nyuma. Umeme ukikatika, jenereta inawaka baada ya muda, na runinga zikirudi zimepotezana raundi, inabidi asogeze kwa mkono huku watu wakipiga kelele. Picha za 1966 na 1971 zimefifia, na ukiwa benchi la tatu huoni mguu wa nani uko wapi. Kubwa zaidi, mwenye banda anapenda kusimamisha picha katikati ya raundi ili aeleze. Nilimwambia, "Mjomba, maelezo yako ni mazuri, yaweke kwenye dakika ya mapumziko." Akanijibu, "Mama Kengele, nikingoja, vijana hawakumbuki tena ule mguu ulikuwa wapi." Bado nasema angoje. Raundi ikikatwa inapoteza uchovu wake, na uchovu ndio nusu ya ngumi.

Wanawake wenzangu wanaoniuliza: kuna nafasi, kuna heshima, matusi hayaruhusiwi na nimemwona akimtoa mtu nje na kumrudishia hela yake. Choo ni cha jirani. Mihogo ya kukaanga na kachumbari ni 500, chai ya rangi 300, na mihogo inaisha mapema.

Pengo ninalolisikitikia ni la mabondia wetu. Titus Simba alileta fedha kutoka Edinburgh mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, na banda halina hata dakika moja yake. Ningependa kumwona Rashid Matumla kushoto na Hassan Mwakinyo kulia, tuanze na ule usiku wa Birmingham mwaka 2018 Mwakinyo alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Mwenye kanda za zamani za Matumla nyumbani ampelekee, anazirekodi na kumrudishia.

Ubaoni sasa imeandikwa Marvin Hagler na John Mugabi, Machi 1986, dhidi ya Crawford na Canelo Álvarez, Septemba 2025. Uzito haulingani, wale wa kushoto walikuwa kilo 72 na nusu na wa kulia 76, na nimeshamwambia. Lakini kumwona Mugabi, Mganda aliyekuwa hajamwacha mpinzani yeyote afike kwa majaji, akipigana na Hagler hadi raundi ya 11, nitakwenda bila kulalamika zaidi. Kengele ya kwanza ni saa mbili usiku. Benchi za mbele zinajaa saa moja na nusu, na penseli za banda hazina ncha, chukua yako.